Kutoka Takwimu za Mkoa hadi Mpango wa Halmashauri: Mwongozo wa Kutumia Tafiti za Tabia za Kiafya, kwa Mfano wa Udumavu Mkoani Iringa

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa watoto karibu 57 kati ya kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, ilhali wastani wa Tanzania nzima ulikuwa asilimia 30. Mkoa wa Njombe ulikuwa na asilimia 50, na Rukwa ilikaribia hapo. Mikoa hii ndiyo inayolisha miji mingi ya nchi yetu kwa mahindi, maharage na viazi mviringo. Mtu anayepita barabara ya Mafinga wakati wa mavuno akaona magunia yaliyopangwa kando ya njia hawezi kuamini kwamba katika nyumba zilizo nyuma ya magunia hayo zaidi ya nusu ya watoto ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka.

Takwimu hiyo imesomwa katika vikao vingi. Nimekaa katika baadhi ya vikao vya namna hiyo, na nimeona jinsi tarakimu inavyosomwa, watu wakasikitika kwa dhati, kisha mpango wa mwaka unaofuata ukaandikwa kwa kunakili ule wa mwaka uliopita na kubadilisha tarehe. Nia njema ilikuwepo, ila hapakuwa na njia ya kutoka kwenye jedwali la ripoti hadi kwenye kifungu cha bajeti. Mwongozo huu unaeleza njia hiyo kwa ajili ya timu za usimamizi wa huduma za afya za halmashauri, maafisa lishe, maafisa mipango na madiwani. Mfano unaotumika ni udumavu, lakini hatua zilezile zinafaa kwa matumizi ya vyandarua, unawaji wa mikono, uvutaji wa tumbaku au upimaji wa shinikizo la damu.

Hatua ya kwanza: Andikeni uamuzi mnaotakiwa kuufanya kabla ya kufungua ripoti

Ripoti ya utafiti wa kitaifa ina mamia ya kurasa, na timu inayoifungua bila swali hutoka na orodha ndefu ya mambo ya kusikitisha. Kaeni kwanza na kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na halmashauri huandaa mipango na bajeti miezi mingi kabla ya hapo, kwa hiyo uamuzi wowote ambao haujafika mezani kabla ya rasimu kupelekwa kwenye kamati za kudumu na Baraza la Madiwani utasubiri mwaka mzima. Andikeni kwa sentensi moja uamuzi ulio mbele yenu, kwa mfano: "Ni katika kata zipi, na kwa kubadilisha jambo gani, tutatumia fedha za lishe za mwaka ujao?" Swali la namna hiyo litawaelekeza kwenye majedwali matano au sita, na mengine mtayaacha bila majuto.

Hatua ya pili: Fahamuni nani alihojiwa, lini, na matokeo yanawakilisha ngazi gani

Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hutokea, nami nawaomba wasomaji wasiharakishe. Utafiti wa mwaka 2022 ulifanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa kushirikiana na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar pamoja na wizara za afya za pande zote mbili za Muungano. Yalichaguliwa maeneo 629 ya kuhesabia watu, na katika kila eneo kaya 26, na hatimaye kaya 15,705 zilihojiwa. Sampuli hiyo ilipangwa ili itoe makadirio kwa nchi, kwa mijini na vijijini, kwa kanda, na kwa kila mmoja wa mikoa 31. Haikupangwa kutoa makadirio ya halmashauri.

Ukigawanya maeneo 629 kwa mikoa 31 unapata wastani wa maeneo 20 kwa mkoa. Mkoa wa Iringa una halmashauri tano: Manispaa ya Iringa, Wilaya ya Iringa, Kilolo, Mufindi na Mji wa Mafinga. Kwa hesabu ya wastani, halmashauri moja ingepata maeneo manne tu, na huenda kata nyingi hazikufikiwa kabisa. Kwa sababu hiyo, afisa anayeandika katika mpango wa Kilolo kwamba "udumavu katika halmashauri yetu ni asilimia 56.9" anaandika jambo ambalo utafiti haukulisema. Inawezekana Kilolo iko juu ya kiwango hicho, na inawezekana iko chini yake. Sentensi sahihi ni hii: "Halmashauri yetu iko katika mkoa ambao udumavu ulikadiriwa kuwa asilimia 56.9 mwaka 2022, na hatuna bado makadirio yetu wenyewe." Sehemu ya pili ya sentensi hiyo inaonekana kama udhaifu, lakini ndiyo inayofungua mlango wa hatua ya sita.

Nchini Kenya mpangilio ni tofauti. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013 huduma nyingi za afya zimekuwa chini ya serikali za kaunti, na utafiti wa demografia na afya wa Kenya wa mwaka 2022 uliandaliwa ili kila moja ya kaunti 47 ipate makadirio yake. Afisa wa Kilifi, ambako udumavu ulikuwa asilimia 37 wakati wastani wa Kenya ulikuwa 18, anasoma tarakimu ya ngazi ileile inayopitisha bajeti. Hata hivyo, afisa huyohuyo akihamia kwenye utafiti wa Kenya wa mwaka 2015 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, uliohusisha watu wazima wapatao 4,500 wenye umri wa miaka 18 hadi 69, atakuta matokeo ya kitaifa tu, bila ya kaunti. Kwa hiyo kila utafiti uulizwe upya unawakilisha ngazi gani, hata kama umetoka katika nchi ileile.

Angalieni pia majira. Kazi ya uwandani ya utafiti wa 2022 ilianza Februari na kumalizika Julai. Katika Nyanda za Juu Kusini, Februari ni mwezi wa palizi na ghala zinazokaribia kuisha, wakati Julai ni mwezi wa mavuno. Maswali kuhusu alichokula mtoto jana hutegemea sana wadadisi walifika kijijini mwezi gani. Urefu wa mtoto haubadiliki kwa majira, lakini mlo wake hubadilika, na timu inayolinganisha mlo wa mkoa mmoja na wa mwingine sharti iulize tarehe za kazi ya uwandani katika kila mkoa.

Hatua ya tatu: Someni tarakimu pamoja na mipaka yake

Kila makadirio ya sampuli yana kosa lake, na ripoti nzuri hulieleza wazi katika kiambatisho cha makosa ya sampuli mwishoni. Watu wachache hufika kwenye kurasa hizo. Fikeni. Mtakuta, kwa kila mkoa, mpaka wa chini na mpaka wa juu ambamo thamani halisi inatarajiwa kuwemo.

Ili kuonyesha uzito wa jambo hili, tuchukulie mfano wa kubuni wa mkoa ambako walipimwa watoto 200 na asilimia 57 wakaonekana wamedumaa. Kwa kuwa watoto wa kijiji kimoja hufanana kuliko watoto waliochaguliwa mmoja mmoja kutoka mkoa mzima, kosa huongezeka, na mipaka inaweza kuwa pointi nane hivi kila upande: kutoka asilimia 49 hadi 65. Mkoa mwingine wenye asilimia 50 katika mazingira hayohayo una mipaka ya 42 hadi 58. Kusema kwamba mkoa wa kwanza "umeshika nafasi ya kwanza kitaifa" na wa pili "umeshika ya pili" ni kuupa utafiti usahihi ambao hauna. Vyombo vya habari hupenda orodha za namna hiyo, na zimewahi kuwafanya viongozi wa mikoa waone aibu au fahari isiyo na msingi.

Kuna alama mbili ndogo za kuzingatia katika majedwali ya tafiti za aina hii. Tarakimu iliyowekwa ndani ya mabano imetokana na watu 25 hadi 49 tu, na nyota huwekwa mahali ambapo waliohusika hawakufikia 25, kwa hiyo matokeo yamefichwa. Viashiria vya watoto wadogo, kama unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee kwa watoto chini ya miezi sita, hukutwa na tatizo hili mara kwa mara, kwa kuwa watoto wa umri huo katika sampuli ya mkoa mmoja ni wachache. Tarakimu ya mabano isipandishwe katika mpango kana kwamba ni sawa na nyingine.

Je, mwelekeo wa miaka unaweza kuaminiwa? Kwa Iringa tunazo tafiti tatu: asilimia 42 katika utafiti wa 2015-16, asilimia 47 katika utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018, na karibu asilimia 57 mwaka 2022. Utafiti wa 2018 ulitumia mbinu tofauti na mingine miwili, kwa hiyo haifai kuyapanga matokeo yote matatu katika mstari mmoja bila maelezo. Hata hivyo, tafiti mbili za aina moja zinatofautiana kwa pointi 15, tofauti ambayo ni vigumu kuieleza kwa bahati ya sampuli peke yake, na ule wa tatu umesimama katikati yao. Katika muda huohuo, wastani wa taifa ulishuka kutoka 34 hadi 30. Maoni yangu ni kwamba ushahidi huu unatosha kabisa kuchukua hatua. Tahadhari ya kitakwimu inatukataza kudai tusichokijua, lakini haitupi ruhusa ya kukaa kimya mbele ya tunachokijua.

Hatua ya nne: Tenganisheni matokeo na tabia

Udumavu si tabia. Ni alama iliyobaki mwilini baada ya mambo mengi kutokea: lishe ya mama wakati wa ujauzito, maradhi ya kuhara, maji na vyoo, chakula cha mtoto baada ya miezi sita, na muda ambao mlezi anao wa kumlisha. Mtoto huhesabiwa amedumaa pale urefu wake kwa umri unapokuwa chini ya vipimo viwili vya mkengeuko (yaani kipimo cha jinsi urefu wa watoto wa umri mmoja unavyotofautiana) kutoka katikati ya viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani. Sehemu kubwa ya madhara hutokea katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto anapofikisha miaka miwili.

Hilo lina maana kubwa kwa anayepanga. Mtoto wa miaka minne aliyepimwa mwaka 2022 anasimulia yaliyotokea mwaka 2017 hadi 2020. Halmashauri iliyoanza kazi nzuri mwaka 2021 haiwezi kuhukumiwa kwa tarakimu hiyo, na halmashauri inayoanza leo haitaona mabadiliko makubwa katika utafiti utakaofanywa mwakani. Mkitaka kuona mabadiliko mapema, tazameni watoto walio chini ya miezi 24 peke yao, na zaidi ya hapo tazameni tabia zenyewe.

Katika ripoti, tafuteni majedwali ya tabia zilizo chini ya matokeo hayo: mtoto kuwekwa kwenye titi ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, kunyonyeshwa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, jambo ambalo kitaifa lilifikia asilimia 64 mwaka 2022, na mlo wa mtoto wa miezi 6 hadi 23. Kiashiria cha mlo mchanganyiko huhesabu makundi manane: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi; jamii ya kunde, karanga na mbegu; maziwa na mazao yake; nyama na samaki; mayai; matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi; na matunda na mboga nyingine. Mtoto aliyekula kutoka angalau makundi matano siku iliyopita huhesabiwa amefikia kiwango. Ugali na mboga za majani pamoja na maziwa ya mama ni makundi matatu. Yai na maharage vikiongezwa, mtoto amefika. Katika mkoa unaolima maharage na kufuga kuku, umbali kati ya tatu na tano ni mfupi, na ndiyo sababu nautazama mkoa huu kwa matumaini kuliko huzuni.

Hatua ya tano: Geuzeni asilimia kuwa watoto

Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu mkoa wa Iringa watu 1,192,728. Mkoa wa Geita ulikuwa na watu karibu milioni 3, na udumavu wa karibu asilimia 39. Hata bila kujua idadi kamili ya watoto wa kila mkoa, inaonekana wazi kwamba watoto waliodumaa walio Geita ni wengi kuliko wa Iringa, ingawa asilimia yake ni ndogo. Fanyeni hesabu kama hiyo kati ya kata zenu kwa kutumia matokeo ya sensa. Asilimia husaidia kujua wapi tatizo limekita mizizi. Idadi husaidia kujua dawa, unga, mafunzo na wahudumu wangapi wanahitajika. Diwani anaelewa haraka zaidi akiambiwa "watoto 1,400 katika kata yako" kuliko akiambiwa asilimia.

Hatua ya sita: Shukeni kutoka mkoa hadi kata

Utafiti mkubwa umewaonyesha upande wa kutazama. Sasa mnahitaji kipimo chenu, nacho hakihitaji fedha za wafadhili wakubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisitisha ufadhili wa programu ya kimataifa iliyosaidia tafiti za demografia na afya katika nchi nyingi, ikiwemo yetu, na tukio hilo liwe sababu ya kila halmashauri kujifunza kupima mambo yake yenyewe.

Anzeni na kilichopo. Vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, katika zahanati na vituo vya afya vina uzito wa watoto, mahudhurio ya kliniki na matone ya vitamini A. Taarifa hizi hupatikana kila mwezi na kwa kila kituo, faida ambayo hakuna utafiti wa kaya unaoweza kuitoa. Kasoro yake ni kwamba zinawaeleza waliokuja tu. Mama aliyeacha kuja kliniki baada ya chanjo ya surua hayumo katika kitabu, na mara nyingi mtoto wake ndiye tunayemtafuta.

Kwa hiyo ongezeni utafiti mdogo wa kaya. Mbinu inayofaa kwa halmashauri, na ambayo wilaya za Uganda zimeitumia kwa miaka mingi, ni ile ya kugawa halmashauri katika maeneo ya usimamizi na kuchagua watu 19 katika kila eneo. Tuseme mmepata maeneo matano, kila moja likiwa na kata kadhaa zinazosimamiwa pamoja. Kwa kila eneo, orodhesheni vitongoji vyote pamoja na idadi ya watu kutoka sensa, kisha chagueni kwa bahati nasibu nafasi 19 kwa namna ambayo kitongoji kikubwa kina nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Mkifika kitongojini, mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii waandike orodha ya kaya zote zenye mtoto wa miezi 6 hadi 23, na kaya moja ichaguliwe kwa kura. Msikubali kupelekwa kwenye nyumba iliyo karibu na barabara, wala kwa mama anayejulikana kwa ushirikiano wake.

Matokeo husomwa kwa kanuni ya uamuzi. Mkiwa na lengo la asilimia 80, eneo limefikia lengo ikiwa watu 13 au zaidi kati ya 19 wanafanya jambo linalotakiwa. Kwa lengo la asilimia 50, kanuni ni watu 7. Idadi hizi ziko chini kidogo ya lengo ili kuacha nafasi ya kosa la sampuli ndogo. Sampuli ya watu 19 haitoshi kutoa asilimia ya eneo, na isitumiwe hivyo, lakini inatosha kusema eneo lipi limebaki nyuma na linahitaji nguvu zaidi. Mkijumlisha maeneo matano mnapata watu 95, ambao kwa halmashauri nzima hutoa makadirio yenye kosa la takriban pointi 10 kila upande, na uzito wa idadi ya watu wa kila eneo ukizingatiwa makadirio hayo huwa ya haki zaidi.

Tumieni maswali yaleyale ya hojaji ya kitaifa, neno kwa neno. Nimeona halmashauri moja ikiuliza "Je, unampa mtoto wako chakula bora?" na karibu kila mama akajibu ndiyo. Hojaji ya kitaifa huuliza alichokula mtoto jana, mchana na usiku, chakula kimoja baada ya kingine, nayo hupata jibu linaloweza kuhesabiwa. Kabla ya kuanza, wasilianeni na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kuhusu matakwa ya Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, pateni vibali vinavyohusika, na mwombeni kila mama ridhaa yake kwa lugha anayoielewa. Karatasi zenye majina ya watoto zisizagae ofisini.

Hatua ya saba: Ulizeni kwa nini, na waulizeni wanaohusika

Utafiti wa tabia husema watu wangapi wanafanya jambo. Hauelezi kwa nini wengine hawalifanyi, na hapo ndipo mipango mingi hujaza pengo kwa dhana kwamba akina mama hawajui, hivyo wapewe elimu. Wakati mwingine ni kweli hawajui. Mara nyingi wanajua vizuri sana, na wanaweza kukutajia makundi ya vyakula kuliko afisa aliyewatembelea.

Njia moja iliyo rahisi ni kulinganisha wanaofanya na wasiofanya. Watafuteni walezi 45 ambao watoto wao walikula yai au maharage jana, na wengine 45 wa mazingira hayohayo ambao watoto wao hawakula. Waulizeni wote maswali yaleyale: ni kitu gani kinachorahisisha, kitu gani kinachozuia, nani nyumbani anakubali na nani anapinga, na ni faida gani au hasara gani wanayoiona. Majibu yanayotajwa sawa na makundi yote mawili si kizuizi halisi, hata kama yanatajwa sana. Yale yanayotofautiana kwa kiwango kikubwa ndiyo ya kushughulikiwa.

Katika mazungumzo kuhusu Nyanda za Juu Kusini, sababu zinazorudiwa mara nyingi ni mzigo wa kazi za shamba unaomlazimu mama kuondoka alfajiri na kumwacha mtoto na ndugu yake mdogo. Uji mwepesi wa mahindi unaopikwa mara moja na kunywewa siku nzima. Mayai na maharage kuuzwa ili kupata fedha za ada na mbolea. Na fedha za mavuno kuamuliwa na mtu mmoja ndani ya nyumba. Msizichukue sababu hizi kama majibu ya kata yenu. Zichukueni kama maswali ya kuanzia. Wahojini pia akina baba na bibi, kwa maana bibi ndiye anayeshinda na mtoto, na baba ndiye mara nyingi anayeuza gunia.

Hatua ya nane: Chagueni mambo machache na yawekeeni fedha

Kila kizuizi kina jibu lake. Ikiwa tatizo ni muda, mafunzo ya lishe hayatasaidia. Huenda inahitajika sehemu ya kulelea watoto karibu na mashamba makubwa wakati wa palizi na mavuno, yenye uji mzito na mlezi aliyepata mafunzo, au makubaliano na waajiri wa mashamba ya chai kuhusu muda wa kunyonyesha. Ikiwa tatizo ni uamuzi wa fedha nyumbani, wanaume waitwe kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, na siku hiyo ipangwe isigongane na gulio. Ikiwa kweli tatizo ni kutojua, mafunzo ya mapishi ya vitendo yanafaa kuliko mabango.

Kuna kishawishi cha kutunga sheria ndogo ya kumtoza faini mama ambaye mtoto wake amepungua uzito. Nakipinga kwa moyo wote. Mama atakayetozwa faini hataleta tena mtoto kliniki, halmashauri itapoteza taarifa zake, na mtoto atapoteza chanjo zake. Sheria ndogo itumike kuwabana walio na uwezo wa kubadilisha mazingira, kama wanaouza unga wa mahindi usiokidhi viwango.

Kuhusu fedha, maelekezo ya Serikali yamezitaka halmashauri kutenga kutoka mapato ya ndani angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa mwaka, na utekelezaji wa mkataba wa lishe kati ya Serikali na viongozi wa mikoa hufuatiliwa kwa kadi alama. Halmashauri yenye watoto 30,000 inapaswa kuwa na shilingi milioni 30. Fedha hizo ni kidogo, kwa hiyo zikigawanywa katika kata zote kwa usawa hazitaonekana popote. Tumieni matokeo ya hatua ya sita kuzielekeza katika maeneo mawili au matatu yaliyobaki nyuma, na muwaandae madiwani wa maeneo mengine mapema, kwa kuwaonyesha jedwali la matokeo ya watu 19 wa kila eneo, ili wasione wameonewa. Katika taarifa za robo mwaka, andikeni safu tatu: zilizotengwa, zilizotolewa na zilizotumika. Tofauti kati ya safu ya kwanza na ya pili imeua mipango mingi mizuri, na haionekani pale inapoandikwa safu moja tu.

Hatua ya tisa: Rudieni kipimo, na rudisheni majibu kijijini

Rudieni utafiti mdogo kila mwaka, mwezi uleule, kwa maswali yaleyale. Mkibadilisha mwezi kutoka Februari hadi Julai mtasherehekea mavuno mkidhani mmesherehekea sera. Hifadhini hojaji, orodha za vitongoji na hesabu zote mahali ambapo afisa lishe mpya atazikuta, kwa sababu uhamisho wa watumishi huja bila taarifa.

Kwa Baraza la Madiwani, andaeni ukurasa mmoja: tabia mbili au tatu zinazofuatiliwa, maeneo yaliyofikia lengo na yasiyofikia, fedha zilizotolewa, na uamuzi unaoombwa. Kisha nendeni kwenye mikutano ya vijiji, ambayo hufanyika kila robo mwaka, mkawasomee wananchi matokeo ya eneo lao kwa lugha ya kawaida: "Tuliwatembelea walezi 19. Watoto watano tu walikula vyakula vya makundi matano siku iliyotangulia." Kisha wapeni nafasi ya kusema. Watakaosimama kwanza huenda ni wazee, nao watauliza kwa nini wao walikua bila mayai. Subirini hadi mama mmoja wa nyuma anyooshe mkono aeleze saa anayoondoka nyumbani na saa anayorudi, na mwandishi wa mkutano aziandike saa hizo kwenye kumbukumbu, maana ndizo zitakazoanza hojaji ya mwaka unaofuata.